Nataka injini yenye nguvu kwa ndege ya rimoti, niko Malindi: 46, 55 au petroli ya cc 20?

Kipanga (mleta uzi)

Asalaam aleikum wana jukwaa.

Nimemaliza kuunda ndege ya bawa la chini, balsa na plaiwudi. Mabawa ncha hadi ncha ni mita 1.55. Uzito ni kilo 2.1 ikiwa na servo (mota ndogo za kusogeza usukani), resiva (kipokezi cha rimoti) na betri yake, lakini bila injini wala tangi. Ile ya bawa la juu niliyojifunzia nimeshaizoea. Sasa nataka kasi: ipite chini kwa mvumo, ipande wima, ipige duara kubwa bila kuishiwa pumzi ikifika juu.

Muuzaji mmoja ana 46 ya gloo (injini ndogo ya methanoli isiyotumia cheche; 46 ni saizi ya silinda), boksini imeandikwa nguvu za farasi 1.65 kwa mizunguko 16,000 kwa dakika. Rafiki yangu anasema 46 ni ya wanaojifunza, nichukue 55. Mwingine anasema niachane na gloo kabisa, nifunge petroli ya cc 20 yenye farasi 2.5. Kwa kuangalia namba tu, petroli imeshinda. Lakini bei zimepishana sana na sina uwezo wa kununua mara mbili. Wenye uzoefu, hasa mlio huku Pwani, mnanishauri nini?

Mwewe

Petroli, ndugu. Mbili na nusu kwa moja na nusu, hapo pana mjadala gani? Tena mafuta unachukua sheli yoyote, unachanganya na oili ya tu-stroki, unaruka.

Nahodha

Naomba nitofautiane na Mwewe. Mimi ni fundi wa mashini za boti, upande huu wa Shela ya Malindi, na ndege hizi niliingia kwa kumfuata mwanangu. Injini ya petroli ya cc 20, ukijumlisha sailensa, mfumo wa kuwasha plagi na betri yake, inakaribia kilo nzima. Gloo ya 46 na sailensa yake ni kama nusu kilo. Ndege ya Kipanga ni kilo 2.1. Ukiweka kilo moja puani itabidi ufunge risasi mkiani ili mizani irudi, na kila gramu ya risasi ni mzigo ambao injini hiyohiyo itaubeba. Halafu kuna mtikisiko. Silinda moja ya petroli hutikisa hasa, na ukuta wa mbele ulioundwa kwa ajili ya 46 utaanza kuachia gundi.

Mwewe

Sawa, uzito nimeuelewa. Lakini farasi ni farasi. Mwenye nguvu zaidi ndiye atakayekimbia.

Mvinje

Waaleikum salaam Kipanga, na hongera kwa kumaliza. Wengi huishia kwenye mbavu za bawa.

Mwewe, hapo kwenye "farasi ni farasi" ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Namba ya boksini si uongo. Injini ilipimwa na ikatoa hizo 1.65, lakini ilizitoa ikizunguka mara 16,000 kwa dakika. Juu ya ndege ya Kipanga haitafika huko. Funga 11x6, propela ya kawaida kabisa kwa 46, halafu elekeza takometa (kipima mizunguko) ndege ikiwa imeshikwa chini. Utasoma kati ya 11,000 na 12,000. Kwa nini isiendelee kupanda? Kwa sababu nguvu inayotakiwa kuzungusha propela haipandi sambamba na mizunguko, inapanda kwa mchemraba wake. Propela ileile, kuitoa 11,000 na kuifikisha 16,000, inataka nguvu mara tatu. Injini haina hizo mara tatu, basi inakaa pale propela ilipoiweka. Farasi waliobaki wanabaki boksini.

Ndiyo maana nasema propela ndiyo inayoamua, na injini inachaguliwa mwisho. Anza na ndege: uzito gani, mwili mwembamba au mnene, unataka ikimbie au ivute. Hiyo inakupa propela. Ukishaijua propela, tafuta injini inayoizungusha kwa mizunguko unayoitaka bila kujikamua. Ukianza na injini utaishia kufunga propela iliyopo dukani.

Hesabu yake si ngumu. Namba ya kwanza kwenye propela ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani mwendo ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inaingia kwenye kitu kigumu, mfano wa skrubu kwenye mbao. Zidisha pichi kwa mizunguko ya dakika, kisha zidisha kwa 0.0015. Unapata kilomita kwa saa. Kwa 11x6 kwenye 11,000 ni karibu 100. Kwa 10x7 kwenye 12,500 ni kama 130. Injini moja, na tayari una ndege mbili zenye tabia tofauti: ya kwanza inang'oka haraka na kupanda, ya pili inaanza kwa uzito lakini ikishashika mwendo inakimbia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu ni kipenyo. Kutoka inchi 10 hadi 11, pichi ikiwa ileile, mzigo unaongezeka kwa karibu nusu. Kwa inchi moja tu! Mtu anavunja propela uwanjani, anaazima ya mwenzake iliyozidi kidogo, halafu anashangaa injini inachemka.

Kipanga

Shukran sana ami. Sikuwahi kuelezwa hivi. Basi kwa ndege yangu, 46 au 55? Na ni kweli 46 ni ya kujifunzia?

Mvinje

Marahaba kijana wangu. Hakuna injini ya kujifunzia. Namba hiyo ni ujazo wa silinda kwa inchi za ujazo: 46 ni 0.46, karibu cc 7.5, 55 ni cc 9. Imeitwa ya kujifunzia kwa sababu ndege nyingi za kujifunzia ziliundwa kwa saizi hiyo. Katika F3D, mashindano ya mbio za ndege za rimoti, ujazo wa juu kabisa ni cc 6.6, mdogo kuliko 46 yako, na zile ni injini kali sana, zinazunguka karibu mara 30,000 kwa dakika. Ujazo peke yake hauelezi ukali.

Yako itafika kama kilo 2.7 ikiwa na injini na tangi tupu. Umesema unataka wima na duara kubwa. Hapo 46 itapanda, lakini juu itakuwa inaomba msaada. Ya 55 inazungusha 12x6 vizuri, na mifano kadhaa ya 55 imejengwa kwenye kasha la 46, mashimo ya skrubu yaleyale, uzito karibu uleule. Unapata ujazo zaidi bila kuigusa mizani. Mimi ningechukua 55.

Kisha ununue propela mbili, 12x6 na 11x8. Piga hesabu ya mzigo: kipenyo mara nne kwa chenyewe, kisha mara pichi. 12x12x12x12x6 ni 124,416. 11x11x11x11x8 ni 117,128. Yaani kwa injini mizigo hiyo miwili inakaribiana, mizunguko itapishana kidogo tu. Lakini moja itakupa kama kilomita 100 kwa saa na mvuto mkubwa wa kupandia, nyingine itakupa kama 130 na mvumo ule unaoutaka ikipita chini. Unabadilisha nati moja na ndege imekuwa nyingine. Hicho hutakipata kwa kuongeza farasi boksini.

Pepo za Kusi

Mjadala mzuri. Mimi niko Nairobi lakini kwetu ni Mambrui, nikija likizo huja na ndege. Kipanga, kuna mtu huku anauza 46 ya mbio ikiwa na bomba refu lile la kupimwa urefu. Bei nzuri, na anasema inapita 55 yoyote. Unaonaje?

Mvinje

Inaweza kuipita, kwenye ndege yake. Ngojeni nieleze bomba hilo linafanya nini, maana linavutia macho.

Kwenye tu-stroki, tundu la kutolea moshi na matundu ya kuingizia mchanganyiko huwa wazi kwa pamoja kwa muda. Sehemu ya mafuta mabichi hutorokea nje pamoja na moshi. Bomba lililopimwa lina koni inayopanuka kisha koni inayofunga. Wimbi la moshi likigonga koni ya kufunga linarudi nyuma, na likifika tundu la moshi kwa wakati wake linasukuma mafuta yaliyotoroka yarudi ndani kabla pistoni haijafunga. Silinda inajaa kuliko ilivyoweza kujijaza yenyewe. Hapo ndipo nguvu inatoka.

Lakini mwendo wa wimbi haufuati mkono wako wa gesi. Linakwenda na kurudi kwa muda wake, kulingana na joto la moshi na urefu wa bomba. Kwa hiyo bomba hufanya kazi katika kipande chembamba cha mizunguko. Chini ya hapo ni bomba zito lisilosaidia kitu. Ukifunga propela kubwa kwenye injini hiyo haitafika kwenye kipande chake, na utapata nguvu ndogo kuliko 46 ya kawaida yenye sailensa. Inataka propela ndogo, ndege nyembamba, uwanja mrefu. Ndege ya Kipanga ya mita 1.55 yenye bawa nene si ya hivyo. Na huyo muuzaji asikasirike, ninasema kuhusu ndege, si kuhusu injini yake.

Nahodha

Nakubaliana. Na mimi nirudishe hoja ya mafuta, maana hapa Malindi ndipo shughuli ilipo. Petroli ipo. Umeme upo. Mafuta ya gloo je? Ni methanoli, oili, na nitromethani. Methanoli inavuta unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni. Galoni iliyoachwa kifuniko kikiwa legelege msimu wa mvua haiwashi injini vizuri tena. Na kuletewa na abiria wa ndege haiwezekani, haruhusiwi kubeba methanoli, iwe mkononi au kwenye buti la ndege. Mimi kwa hewa hii ya bahari ningekwenda umeme na kumaliza.

Kipanga

Mzee Nahodha, umeme nao niliufikiria. Ukitaka nguvu sawa na 55 unahitaji nini?

Nahodha

Farasi mmoja ni wati 746. Kwa ndege ya kupiga maduara watu hukadiria wati 300 kwenda juu kwa kila kilo. Kilo 2.7 hadi 3 ni wati 810 hadi 900 kwa uchache, tuseme 1,000. Betri ya lipo (aina ya lithiamu) ya seli sita ina volti 22.2, basi ampea 45 hivi zinakupa wati 1,000. Utataka mota isiyo na brashi ya saizi hiyo na spidi kontrola (kidhibiti kasi cha mota) ya ampea 60 hadi 80, isifanye kazi ukingoni.

Betri ya ampea-saa 5 ukiitumia kwa asilimia 80 ni ampea-saa 4. Gesi wazi muda wote ni dakika tano na kitu. Ukiruka kwa adabu, wastani ampea 25, unakaribia dakika kumi.

Ila kama unaagiza kwa mtu anayesafiri, angalia jambo moja. Volti 22.2 mara ampea-saa 5 ni wati-saa 111. Abiria anaruhusiwa mpaka 100 bila kuomba. Ikizidi hapo, hadi 160, ni lazima shirika la ndege likubali kwanza. Betri za akiba zote ziwe mkobani, si kwenye mzigo wa chini. Ukinunua mbili za seli tatu na kuziunga mfululizo, kila moja ni 55.5 na hakuna swali. Na zisiachwe ndani ya gari juani. Kama huruki wiki hiyo, ziweke kwenye volti 3.8 kwa seli, zisikae zimejaa.

Mvinje

Hesabu ya Nahodha ni sahihi, na kama Kipanga angekuwa hana njia ya mafuta ningesema umeme bila kusita. Lakini ameuliza injini, na mwenye kupenda sauti ya injini humpi mota akaridhika. Kwa hiyo tuseme kuhusu mafuta vizuri.

Plagi ya gloo haipigi cheche. Ina waya wa platini. Unaipasha kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, kisha unaondoa betri na waya unabaki mwekundu wenyewe, kwa sababu platini na mvuke wa methanoli vinapokutana hutoa joto. Ilianza kuuzwa 1947 Marekani na Ray Arden, na ndiyo iliyoondoa koili na betri nzito za cheche kwenye ndege ndogo. Kampuni ya O.S. ya Japani, ambayo injini zake wengi hapa tunazijua, ilianza 1936, kabla ya plagi hiyo kuwepo.

Basi methanoli ni lazima. Nitromethani si lazima. Inabeba oksijeni ndani yake, inaongeza nguvu na inatuliza sailensi (injini inapozunguka polepole gesi ikiwa imefungwa), lakini masalia yake baada ya kuungua yana asidi inayokula beringi. Weka asidi hiyo pamoja na hewa ya chumvi ya hapa kwetu, na beringi ya nyuma itaanza kunguruma mapema. Mafuta ya mashindano ya FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, ni methanoli 80 na oili 20, nitro sifuri, na wenye mbio wanaruka kwayo. Kwa Pwani mimi napendekeza nitro asilimia 5 mwisho. Oili iwe na sehemu ya mafuta ya mbarika. Hayo yanashika chuma hata injini ikichemka, wakati oili ya kisasa huungua na kuondoka.

Jioni kabla ya kufunga: toa mafuta yote tangini, washa injini, ziba bomba la mafuta ife yenyewe ikiwa kavu, kisha tone chache za oili ndani ya kabureta na kwenye tundu la plagi, zungusha kwa mkono. Usiahirishe mpaka kesho yake.

Na methanoli iwe kwenye chombo cha chuma kilichoandikwa sumu, ndani ya kabati lenye kufuli. Nchi hii imezika watu na wengine wamepofuka kwa methanoli iliyotiwa kwenye pombe. Haina rangi, na mtoto hawezi kuitofautisha na maji. Moto wake nao mchana hauonekani. Usimwage mafuta kwenye injini ya moto kwa kuwa huoni mwali.

Pepo za Kusi

Mnaotoka bara mkija na ndege zenu, ongezeni hili. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Malindi. Injini uliyoipima vizuri huko, ukiiwasha hapa bila kugusa sindano ya kabureta (skrubu ya kupimia mafuta), inameza hewa nzito zaidi kwa mafuta yaleyale. Inakuwa kavu na inachemka. Fungua sindano kwanza, halafu uanze kuipima upya. Malipo yake ni kwamba huku chini injini ina nguvu zaidi na bawa linabeba vizuri zaidi.

Kipanga

Nimempata mtu wa Mombasa mwenye mafuta ya nitro 5, na nina gari la kuyaleta. Nimeamua 55. Naomba msaada wa kuianza, nisiiharibu siku ya kwanza.

Nahodha

Kama mashini ya boti: mafuta mengi, mwendo wa chini, tangi zima la kwanza usifungue gesi. Iache ijilainishe polepole.

Mvinje

Nahodha, kwa injini yenye ringi kwenye pistoni hiyo ni kanuni nzuri. Hii ya Kipanga haina ringi, na kanuni hiyo itaiumiza.

Kipanga, ondoa plagi, zungusha propela kwa mkono taratibu. Karibu na juu utaona pistoni inabana, kama inagoma. Usidhani ni kasoro. Injini za ABC zina pistoni ya aluminiamu na silinda ya shaba iliyopakwa kromu, na silinda imechongwa nyembamba kidogo kwa juu. Ikipata moto, shaba inatanuka kuliko pistoni na mbano unaachia, pistoni inakaa sawasawa. Ukiiendesha baridi kwa muda mrefu, mafuta yamezidi na gesi kidogo, mbano hauachii. Pistoni inasuguana na kromu kila mzunguko na unamaliza mbano ambao ungekutumikia miaka.

Kwa hiyo ipashe. Propela ndogo kidogo, 11x6. Iwashe, fungua gesi yote, halafu rekebisha sindano mpaka sauti iwe inabadilikabadilika, mara inabwata mara inashika mluzi. Hapo ina oili ya kutosha na ina joto la kutosha. Dakika mbili, zima, iache ipoe kabisa, rudia. Kila mara funga sindano kijino kimoja zaidi, mpaka itulie kwenye mluzi.

Nahodha

Hilo la silinda kuwa nyembamba juu sikulijua, za boti zote zina ringi. Nimelipokea.

Kipanga

Nitajuaje sindano iko sawa, ami?

Mvinje

Bana bomba la mafuta kwa vidole, haraka uachie, gesi ikiwa wazi. Mizunguko ikipanda kidogo kabla ya kushuka, mafuta yapo ya kutosha. Ikizimika papo hapo, ni kavu, fungua. Kwa takometa: tafuta kilele, kisha fungua sindano mpaka ishuke 300 hadi 400. Halafu msaidizi ainue ndege pua juu, gesi wazi, ukiwa nyuma yake. Ikizorota hapo, angani ikipanda wima itazimika. Ikipanda kidogo, umepata.

Ikizorota kila ukiinua hata baada ya kufungua, angalia tangi. Katikati ya tangi iwe usawa wa sindano au chini yake kidogo. Nimeona watu wakibadilisha plagi na kusafisha kabureta kumbe tangi limekaa chini mno.

Na mkono uwe nyuma ya propela siku zote unapogusa sindano. Asisimame mtu kwenye mstari wa mzunguko wake, hata mpiga picha.

Mwewe

Nimejifunza mengi. Yangu ni ya mita 2.1, kilo 5. Nadhani kwangu petroli ilikuwa sahihi?

Mvinje

Kwako ni sahihi kabisa. Kilo 5 ina nafasi ya kubeba mfumo wa cheche. Na petroli inatumia kidogo: kilo moja ya petroli inataka hewa kilo 14.7, methanoli inataka 6.4 tu, kwa hiyo kwa hewa ileile gloo inameza mafuta zaidi ya mara mbili. Weka kisanduku cha cheche mbali na resiva, sentimita 30 au zaidi.

Pepo za Kusi

Mtaruka wapi? Ufukweni mchanga unaingia kabureta. Mashamba ya chumvi ya Gongoni ni tambarare lakini vumbi lake ni chumvi.

Nahodha

Twende ndani, upande wa Marafa, kwenye nyasi, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Tuwe mbali na uwanja wa ndege wa Malindi, na mbali na Ngomeni kwenye kituo cha Luigi Broglio, pale satelaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo visivyo na rubani. Ulizeni kwao kabla ya kuagiza chochote nje na kabla ya kuruka.

Kipanga

Mrejesho. Injini imelainika, tumeifanyia yote Marafa asubuhi kabla upepo wa bahari haujashika. 12x6: kilele 11,200, nimefungua sindano ikakaa 10,800. 11x8: ikakaa 11,000 bila kugusa kitu kingine, kama ami alivyosema. Pua juu inapanda kidogo, haizoroti. Mizani iko asilimia 28 ya upana wa bawa. Ila kwenye sailensi inazimika nikirudisha gesi ghafla.

Mvinje

Hiyo ni sindano ya chini, si ile kubwa, usiiguse kubwa. Iache kwenye sailensi nusu dakika kisha fungua gesi. Ikikohoa na kutoa moshi mwingi, mafuta ya chini yamezidi, funga robo ya mzunguko. Ikikata bila moshi, fungua robo. Ruka kwanza na 12x6, upate urefu wa kutosha kurudi hata injini ikizima, ndipo ufunge 11x8.

Kipanga

Ilikuwa moshi. Nimefunga robo, sasa inashika. Kesho asubuhi tunaruka, Mzee Nahodha ndiye atakayeshika mkia.